Mfarishi Tuliompelekea Babu Yako Kinyala

Mwanangu Rukia,

Umetoka asubuhi kwenda Kisondela kumuaga shangazi yako, na kwa mvua hii najua hutarudi mapema. Baba yako yuko kwenye ushirika na mafundi wenzake. Nyumba nimebaki nayo mimi na kuku. Nimevuta kigoda karibu na moto, nimeweka ubao wa kukatia nguo magotini, na naandika kwenye karatasi nilizochomoa katikati ya daftari lako. Mwandiko wangu unaujua, maana ni wewe uliyekuwa ukinisahihisha nikitoka kisomo, ukicheka b yangu iliyotazama nyuma. Ukiikuta humu imetazama nyuma tena, cheka tu, hata kama uko mbele za watu.

Habari za sanduku, za watu wa stendi, za kusali kwa wakati na kutokula ovyo njiani, tumezisema mpaka umechoka kuitikia. Sizirudii. Nataka kukushukuru, ila shukrani yangu ina hadithi ndefu mbele yake, kwa hiyo nivumilie. Nusu yake uliisikia kwa bibi yako alipokuwa hai, na bibi yako, Mungu amrehemu, alipenda kusimulia ile nusu ya kuchekesha. Nusu iliyobaki ninayo mimi.

Unajua kwamba nilizaliwa Kinyala, binti wa mzee wa kanisa. Mama yangu alifariki nikiwa bado sijui kubeba maji, nikalelewa na baba na kaka yangu Gwamaka. Baba aliniita Tusekile, yaani tumefurahi, na kweli alinifurahia. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akitoka ng'ombeni alinitafuta kwanza mimi kabla hajatafuta maziwa.

Baba yako alikuwa akija gulioni kwetu na cherehani yake kichwani. Kijana mwembamba wa Tukuyu, mtoto wa fundi aliyepanda huku kutoka Kilwa kufuata biashara. Nilimpelekea blauzi iliyofumuka bega, akaishona, akanirudishia bila kunitazama usoni. Gulio lililofuata blauzi ile niliifumua mwenyewe. Gulio la tatu aliniuliza, "Dada, hii blauzi inafumuka au inafumuliwa?" Ndivyo tulivyoanza.

Baba aliposikia hakupiga kelele. Alikuwa amesimama penye zizi, ameshika kamba ya ndama. Aliniambia, "Ukienda kwa watu wale, usiniletee tena habari zako." Nikaingia ndani, nikavaa gauni la buluu aliloninunulia Krismasi, nikaondoka. Nilitaka anione nimevaa kitu chake. Sijui kama aliangalia.

Sikuandikii haya nimlaumu. Sasa nina umri kama aliokuwa nao siku ile, na najua alikuwa anaogopa. Hofu ya mzazi ukiisikiliza kwa masikio ya ujana utasikia hasira tupu.

Basi nikaolewa, nikasilimu, nikaitwa Zaituni, nikaingia nyumba hii hii ya mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu. Bibi yako Bi Mwanaidi alinipokea mlangoni amejifunga khanga tatu na shuka juu yake, na bado anatetemeka. Alikuwa ameishi Tukuyu miaka mingi na hajaizoea baridi hata siku moja. "Karibu mwanangu," akasema. "Hapa ndipo Bagamoyo. Wameipa jina la pwani wakasahau kuleta bahari na jua." Halafu akaniuliza, "Unajua kushona?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Sikujua. Nilijua jembe, nilijua kukamua, nilijua kupika ndizi kwa namna zote. Lakini nilikuwa mkwe mpya, nimetoka kwetu bila baraka, na niliona kila "hapana" itanipunguza. Akanipa sindano na vipande viwili. Nikaishika ile sindano kama mpini. Akanitazama kitambo, akaanza kucheka, akacheka mpaka ile shuka ikamdondoka. Kisha akainuka akafunga mlango ili baba yako asituone, akakaa chini karibu yangu, akanivalisha subana yake kidoleni, ile kofia ndogo ya chuma ya kusukumia sindano. "Haya," akasema. "Uongo wako umekwisha. Sasa tushone."

Jambo hili namshukuru kila siku. Angeweza kunisema mtaani. Angeweza kuwa na habari ya kuchekesha wageni wake mwaka mzima. Na habari ile aliisimulia kweli, wewe mwenyewe umeisikia, lakini alisubiri mpaka nilipokuwa fundi kumshinda, na kicheko hakiwezi tena kuniumiza.

Mifarishi yenyewe aliianza kwa sababu ya baridi. Pwani, aliniambia, mfarishi ni kitu cha kutandika ukalalia. Huku alikuta ni wa kujifunika, tena mmoja hautoshi. Alikuwa na mabaki ya nguo aliyoyafagia chini ya cherehani ya mumewe, na alikuwa na khanga zilizochakaa pembeni ila katikati bado nzima. Akakata ule mji wa khanga, pale katikati penye ua kubwa, akauweka chini, akaanza kuuzungushia mapindo ya vipande: pindo la kwanza la khaki, la pili la bafta, la tatu la kaniki nyeusi, mpaka upana ukatosha kitanda. Ndani anatia blanketi kuukuu, mgongoni anaweka kitambaa cha amerikani, kisha anapiga bandi, ule mshono wa kushikiza kwa muda, tabaka zote tatu zishikamane, na baada ya hapo ni sindano, sindano, sindano. Wewe umekulia chini ya kazi hiyo, sina haja ya kukueleza. Nakukumbusha tu kwamba hakufundishwa na mtu. Alikuwa anasikia baridi.

Mfarishi wangu wa kwanza wa peke yangu uliniaibisha. Bi Mwanaidi aliniambia, "Kila kitambaa kifue kabla hujakikata. Kitambaa kigeni hukijui tabia." Mimi nikaona anachelewesha mambo. Nilikuwa nimepata kipande kipya chekundu, kizuri, nikakiweka jirani na bafta nyeupe. Ulipendeza mno. Nikauanika uani majirani wauone. Mara ya kwanza kufuliwa, wekundu ukachuja, bafta yote ikawa kama imemwagiwa damu ya kuku. Nikaukunja nikauficha chini ya kitanda, nikaenda kulia jikoni kwa kisingizio cha moshi.

Jioni nikamkuta bibi yako amejifunika ule ule. Nikamwambia, "Mama, nitakufumulia huo, ni mbaya." Akajivuta ndani yake mpaka kidevuni. "Mbaya kwa nani? Mimi nina joto."

Aliulalia mpaka ukaisha.

Mwaka wa uhuru baba yako na mafundi wote wa mjini walishona bendera mpaka vidole vikavimba. Nyumba ikajaa vipande vya kijani, vyeusi na vya manjano. Sisi tukavitia kwenye mapindo, kwa nini tuvitupe? Akapita kijana mmoja wa chama, amevaa shati jipya, akauona mfarishi umeanikwa. Akauliza kwa sauti ya mkutano, "Mama, ni halali kweli mtu kulalia bendera ya taifa?" Bi Mwanaidi akamwamkua vizuri, akamkaribisha chai. Kisha akamwambia, "Mwanangu, bendera ni ile kule juu ya mlingoti, nzima, hatujaigusa. Haya ni makombo ya karamu. Na wewe umeoa?" Kijana akasema bado. "Basi ukioa, njoo nikushonee kama huu." Akaja kweli, baada ya miaka miwili mitatu, na mkewe, na tukamshonea.

Nakuandikia haya nicheke kidogo kabla sijafika ninapoelekea.

Miaka ikapita bila mtoto. Hilo unalijua, na majina ya wale wawili ambao hawakukaa unayajua. Miaka yote hiyo sikwenda Kinyala, na baba hakuja Tukuyu. Gwamaka alikuwa akipita siku za soko na ndizi au maziwa mgando, anasema, "Baba hajambo." Mimi namwambia, "Msalimie." Sijui kama alizifikisha salamu. Sijui kama baba ndiye aliyeyatuma yale maziwa. Sikuuliza. Nilijiambia: yeye ndiye aliyesema, na yeye ndiye atakayefuta. Niliona hiyo ndiyo heshima yangu. Nililitunza jambo hilo vizuri kuliko nilivyotunza nguo zangu.

Halafu ukazaliwa wewe, na ukakaa. Ulipoanza kushika vitu na kusimama, Gwamaka alikuja siku isiyo ya soko. Hakuwa na ndizi. Akasema, "Baba anaumwa kifua. Hali chakula vizuri, usiku halali. Baridi inamtesa."

"Amenitaja?" nikamuuliza.

Kaka yangu hajui kusema uongo. Akatazama chini. "Hajakutaja."

"Basi," nikasema.

Lakini usiku ule ule nilianza kukata mfarishi. Mji wake niliutoa kwenye lile gauni la buluu. Lilikuwa limenibana siku nyingi, nilikuwa nimeliweka chini kabisa ya sanduku. Nililikata nikijiambia kwamba atakapouona mfarishi ule atalitambua gauni, na akilitambua ataelewa kila kitu, na mimi sitahitaji kusema hata neno moja. Nikalizungushia bafta, nikalizungushia khaki za sare za shule. Khaki iliniishia kabla sijafika mwisho, nikamalizia pindo la nje kwa kaniki tu, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Nikamaliza. Kisha nikafumua pembe moja nikaishona upya. Kisha pembe ya pili. Nikasema uzi haulingani, nikafumua upande mzima. Bibi yako alikuwa akinitazama, anameza chai yake. Siku moja akaniuliza, "Zaituni, mfarishi huu umekwisha siku nyingi. Sasa hivi unashona nini?"

Nikamwambia, "Pembe hazijakaa vizuri, mama."

"Mgonjwa anajifunika pembe?"

Nikaendelea kufumua. Asubuhi yake nikamkuta amevaa viatu vya marehemu mumewe, amejifunga khanga zake zote, mfarishi ameukunja kichwani. Nikadhani anakwenda nao kwa jirani. Akasema, "Ninakwenda Kinyala. Unakuja, huji?"

Mwanangu, bibi yako alikuwa mtu wa kulalamikia matope ya kwenda kisimani. Hakujua Kinyakyusa zaidi ya salamu. Huko alikokuwa anakwenda hakuna aliyemwita. Nikamwambia, "Mama, usijiaibishe. Yule mzee atakufukuza."

"Akinifukuza nitarudi," akasema. "Njia si ile ile?"

Nikasema, "Mimi siji." Akaondoka.

Nikakaa. Nikakupikia uji, ukaula, nikaosha sufuria. Nikafagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Mvua ikaanza, ile ya huku isiyopiga kelele, inayonyesha kana kwamba haina mpango wa kuisha. Nikamwona moyoni yule mwanamke wa Kilwa, na vile viatu vikubwa, anapanda mlima na mzigo wa watu wengine kichwani. Nikakufunga mgongoni, nikajitanda shuka juu yetu wote wawili, nikakimbia. Sikufunga hata mlango. Baba yako aliporudi alikuta kuku juu ya kitanda.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe kando ya kijito, amevua viatu, miguu imemvimba. Mvua ilikuwa imemlowesha mpaka mifupani. Mfarishi ulikuwa mkavu. Alikuwa ameomba majani ya mgomba kwa watu wa njiani akaufunika wote, yeye mwenyewe hakujifunika hata jani moja.

Akaniona, akasema, "Umechelewa. Nimekusubiri hapa mpaka matako yamekufa ganzi."

"Ulijuaje kama nitakuja?"

"Sikujua," akasema. "Nilikuwa nimechoka tu."

Ndipo nilipolia, na yeye akaniacha nilie, akawa anakuchezesha wewe vidole. Halafu tukaenda pamoja, mimi nimebeba mtoto na mfarishi, yeye amebeba viatu.

Nyumba ya baba ilikuwa ile ile. Mke wa Gwamaka alitupokea, akatuweka kwenye moto, na nikamwona baba amelala upande wa pili wa moto huo huo, amekuwa mdogo. Nikapiga magoti. "Mwagonile, tata," nikamwamkia. Akageuza uso. Akawa anamtazama Bi Mwanaidi.

Baba alikijua Kiswahili sana, alikuwa akitafsiri mahubiri tangu ujana wake. Lakini siku hiyo alisema Kinyakyusa kitupu, polepole, kwa maneno mazito. Alisema huyu mama alichukua mtoto wake bila kuuliza. Alisema alikaa miaka akiwasikia watu wakipita njiani wakimtaja binti yake, yeye akijifanya hasikii. Alisema mengine ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Alipomaliza, akaninyooshea kidole, maana yake nitafsiri.

Nikamgeukia bibi yako nikasema, "Baba anasema karibu."

Bi Mwanaidi akanitazama, akamtazama baba, akanitazama tena. "Mbona maneno yake marefu na yako mafupi?"

Nikainamisha kichwa. Kisha nikasikia sauti kutoka kitandani, nikadhani ni kikohozi. Ilikuwa kicheko. Baba alikuwa anacheka, anakohoa, anacheka tena, mpaka Gwamaka akaja kumshika mgongo. Alipopata pumzi, akasema kwa Kiswahili safi, "Mama, umelea mwongo."

"Baba," bibi yako akamjibu, "huyu uongo alikuja nao. Siku ya kwanza kaniambia anajua kushona."

"Alikuambia anajua kushona?"

"Wallahi."

"Huyu? Kifungo cha shati langu alikuwa anafunga kwa kamba ya mgomba!"

Wakanicheka wote wawili, watu ambao hawajawahi kuonana, mimi nimepiga magoti katikati yao na mtoto mgongoni. Sijawahi kuchekwa nikafurahi namna ile. Wewe ukashtuka ukaanza kulia, na baba akasema, "Mlete huyo," akiwa ameshanyoosha mikono.

Sasa sikia jambo ambalo bibi yako hakulisimulia, kwa kuwa hakulijua. Tulimfunika baba ule mfarishi. Nikangoja alione lile gauni la buluu. Nilikuwa nimeliweka katikati kabisa, lisiweze kumkwepa. Akalipitishia mkono, akauliza, "Hii ya katikati nguo gani?" Nikasema, "Ni buluu tu, baba." Hakulikumbuka. Miaka yote ile nilikuwa nalo sandukuni kama ushahidi, na yeye aliyelinunua hakulikumbuka hata kidogo. Moyo ulinishuka.

Halafu mkono wake ukasogea mpaka pembeni, kwenye pindo la kaniki, lile la kukosa kingine. Akalishika, akalisugua kati ya vidole, akalileta puani. "Mama yangu alijifunga hii," akasema. "Hii hii." Akalala ameishika. Na tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kumwona, nilimkuta amelishika pindo la kaniki.

Nimelifikiria jambo hilo nikiwa nashona, miaka mingi. Unaweza kumpa mtu kile unachokiona ndicho moyo wako, naye akapenda kile ulichotia kwa kukosa. Sasa hainiumizi. Nafurahi kwamba sikusubiri khaki.

Baba alipata nafuu. Si kupona kabisa, ila aliamka, akatembea na fimbo, na akaishi mpaka ukajua kumwita jina. Siku moja alikuja hapa Bagamoyo na Gwamaka, akala kuku aliyechinjwa na baba yako, akakaa barazani na bibi yako wakibishana kama baridi ya Tukuyu ni kali kuliko ya Kinyala. Huwezi kuikumbuka siku hiyo, lakini ulikuwa umelala mapajani kwake, mate yako yakimlowesha suruali ya kanisani. Siku zile zote nilipewa. Mimi kwa akili yangu nilikuwa nakaribia kuzikosa, kwa ajili ya pembe za mfarishi.

Nikuambie sasa kwa nini nimekuandikia.

Barua ya kiwanda cha nguo cha Mwanza ilipofika, ukaisoma kwa sauti, baba yako akapiga makofi. Ukanigeukia ukaniuliza, "Mama, nikienda utanikasirikia?" Nami nikachukua ungo nikatoka kuchuma majani ya maboga, na mboga ilikuwa tayari jikoni. Nilikaa kule shambani muda mrefu. Neno lililokuwa mdomoni mwangu lilikuwa la baba yangu, nilimsikia kabisa, mpaka na kamba ya ndama mkononi. Niliporudi nilisema "Nenda" tu, na tangu hapo tumekuwa tukizungumza habari za sanduku.

Lile halikuwa jibu. Jibu ni hili.

Unakumbuka miaka ya shida ya nguo, duka la ushirika likiwa na chumvi na viberiti tu? Kina mama wa mtaa walituletea kila kilichochanika, tukawaunganishia. Ulikuwa darasa la sita. Nilikukuta sebuleni umetandaza vipande vyangu sakafuni na umechora mistari ya chaki. Ukaniambia, "Mama, kila pindo unalikata refu, halafu unapunguza penye pembe. Ukipima mji kwanza, ukaongeza upana wa pindo mara mbili, pembe zitakutana zenyewe. Vile unavyotupa vinatosha mto mzima." Nikakujibu kwamba mikono hii ilijua kushona kabla hujazaliwa. Ukakusanya chaki zako, ukatoka. Hukugusa tena vitambaa vyangu. Mimi nikasema kimoyomoyo: mtoto wa shule, anadharau kazi ya mkono.

Ulipokuwa shuleni nilijaribu. Nilipima kama ulivyosema. Pembe zikakutana. Nikafumua, nikajaribu tena nione kama ni bahati, zikakutana tena. Tangu siku ile kila mfarishi uliotoka nyumba hii umekatwa kwa hesabu yako, na mabaki yametulaza kwenye mito mizuri, na sikukuambia. Kila nilipotaka kukuambia niliona nimechelewa mno, nitaonekana mjinga. Unaona nilivyokuwa? Nilishakwenda Kinyala na mvua ile yote, na bado sikuwa nimejifunza.

Kwa hiyo, ahsante, Rukia. Ahsante kwa hesabu ya mapindo. Ahsante kwa kunisahihisha herufi bila kunisema kwa watu, kama bibi yako alivyofunga mlango siku ile, na hakuna aliyekufundisha. Ahsante kwa kuniuliza kabla ya kwenda. Mimi sikumuuliza baba yangu, nilimjulisha tu, nikaondoka na gauni langu.

Huko kiwandani nguo zinatoka kwenye mashine ndefu kama nyumba, umeniambia, na wewe utakuwa mmoja wa wanaozijua zile mashine. Sijui mambo hayo. Nayafurahia bila kuyajua. Mwanza hakuna baridi, wanasema, kwa hiyo sikufungii mfarishi. Utakuongezea mzigo bure.

Ila nakuomba moja. Tutakosana, mimi na wewe, kwa kuwa barua ni kitu kibaya, neno likishaandikwa halina uso. Siku tukikosana, usikae ukahesabu nani aliandika mwisho. Andika. Hata kama kosa ni langu, hata kama huna la kusema zaidi ya kwamba umekula na umelala. Na mimi sitakungoja. Naapa sitakungoja. Nitakuwa nimeshaandika, na barua zetu zitapishana njiani, kila moja ikidhani ndiyo ya kwanza.

Kuna sauti ya watu wanapiga hodi kwa jirani, na mmoja anacheka kama wewe. Acha niweke ndizi motoni.

Mimi niliyekuzaa, ninayekushukuru,

Mama